Nilimwandikia Marehemu, Akajibu

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama mbele ya wazee wa ukoo kule Idete, na karatasi mkononi, bado nimesimama. Miguu inauma, lakini nimesimama.

Kwa wale ambao gazeti lililopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitasema kwa kifupi. Mimi ni Kandida, mpiga chapa katika mradi wa mbegu za mpunga hapa Ifakara. Mume wangu, Hermenegildi, alikuwa fundi wa kompyuta za mradi huo huo. Mwaka ule wa mvua za Elinino alipanda mtumbwi kuvuka mto Kilombero aende kazini Lupiro, kwa sababu pantoni lilikuwa limesimamishwa. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, wala mwili wake.

Baada ya hapo kompyuta yake ikaanza kunisemesha. Herme alikuwa ameweka ndani yake diari, ile programu ya kumkumbusha mtu shughuli zake, na kila Ijumaa asubuhi ililia na kuandika kwenye kioo: "Mafuta ya taa. Kandida atanuna." Mwenyewe yuko chini ya maji, diari inanijua ninavyonuna. Nikapagawa. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamwandikia imeili. Na akajibu.

Msomaji mmoja wa Sanje amemlalamikia mhariri kwamba natunga. Ndugu yangu wa Sanje, natamani ingekuwa hivyo.

"Soma basi," akasema Kelestini, shemeji yangu, mdogo wake Herme. "Tusikie hayo ya kuzimu."

Nikasoma: "Nimepata ujumbe wako. Niko safarini. Nikirudi nitakujibu vizuri. Hermenegildi."

Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alisogeza kigoda chake mbali nami kidogo.

Nieleze kwa nini karatasi ile ilikuwa roho yangu. Katika ukoo wa mume wangu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, hukatwa mgomba wenye kimo chake, ukavishwa nguo zake, ukazungushiwa sanda, ukazikwa. Mgomba ukishazikwa, mtu huyo amekufa. Hata kesho akija akibisha hodi, hafunguliwi. Wanasema kaburi lililofungwa kwa jina la mtu, mwenyewe akionekana anatembea, litatafuta mwingine wa kujaza nafasi. Na mke wake hunyolewa siku hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa sitaki kunyolewa. Nilikuwa na mume, na mume alikuwa amejibu.

"Shemeji," akasema Kelestini, "mto umemla mtu, wewe unatuletea karatasi. Iliyopigwa chapa! Mpiga chapa ni nani humu, kama si wewe?"

Wakacheka. Mama mkwe wangu peke yake ndiye hakucheka. Mama Brigitha alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, na nilipomtazama niliona uso wake umekauka.

"Ulimwandikia?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ukamtaja jina?"

"Nilimtaja, mama. Ningemwandikiaje bila jina?"

"Na akaitika," akasema. Alikuwa haulizi tena. "Mwanangu, wewe hukufundishwa kwenu? Usiowaona, usiwaite."

Mjadala ulikuwa mrefu na pombe ilikuwa nyingi. Mwishowe wakakubaliana kwamba mama Brigitha na Kelestini waje Ifakara waione hiyo kompyuta kwa macho yao. Kama Herme anasema humo ndani, mgomba usubiri. Kama hasemi, ukatwe.

Walikuja kesho yake. Mama akiwa na kanga zake mbili za kanisani, Kelestini amevaa koti la marehemu baba yake, utadhani wanakwenda kutoa posa.

Ofisini tulimkuta Lukelo. Huyu ni fundi aliyetumwa kutoka Dar kukagua mitambo, maana radi za mwaka ule hazikuchagua nyumba. Kijana wa Iringa, mpole, mwenye kucheka na kila mtu.

"Kamwene, dada Kandida! Leo umekuja na ukoo mzima?"

"Wamekuja kumsikia Herme," nikasema.

Kicheko kikamwisha. Nikampa karatasi. Aliisoma, kisha akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kabla hajafungua kinywa.

"Dada, huyu si Herme. Hii ni programu."

"Programu gani yenye jina la mume wangu?"

"Mtu akisafiri anaiachia maneno kule Dar, kwenye mtambo mkubwa unaotunza imeili zetu. Wewe ukimwandikia, mtambo unakujibu kwa niaba yake. Yeye hajui hata kama umeandika. Subirini, nimwandikie na mimi."

Siku zile imeili haikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kompyuta yetu ilipiga simu Dar asubuhi, ikapiga tena mchana. Ilikoroma, ikapiga miluzi, ikapeleka zilizoandikwa na kuchukua zilizofika. Basi Lukelo akaandika mistari yake, nasi tukangoja simu ya mchana. Kelestini alisinzia. Mama Brigitha alikuwa amegeuza kiti chake, akatazama dirishani, kioo cha kompyuta akakipa mgongo. Nilimwambia, "Mama, tazama, anakuja." Hakugeuka.

Miluzi ikapigwa. Lukelo akasoma kwa sauti: "Nimepata ujumbe wako. Niko safarini. Nikirudi nitakujibu vizuri. Hermenegildi."

Maneno yale yale, neno kwa neno, na mimi niliyekuwa nikilala na karatasi ile chini ya mto nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuwa nimezuia mazishi ya ukoo mzima kwa sababu ya mashine yenye adabu.

Mama Brigitha alishusha pumzi ndefu. "Mungu ni mkubwa," akasema. Nilidhani ni uchungu wa mzazi.

"Basi," akasema Kelestini akijinyoosha, "tukakate mgomba."

Padri alisema misa ya kumwombea Hermenegildi ataisoma, lakini mgomba haziki. Wazee wakasema sawa, kila mtu na kazi yake. Misa ilisomwa asubuhi, na baadaye mgomba ukatolewa ndani umebebwa na wanaume, nao walikuwa wanatembea polepole kama watu waliobeba mtu kweli.

Shati niliwachagulia mimi. Lile la bluu, la siku ya ubatizo wa Tekla.

Wanawake walilia. Mimi mwanzoni sikulia, nilikuwa natazama tu jinsi mgomba unavyoteremshwa na shati la mume wangu. Ndipo Tekla wangu, wa chekechea, akanivuta kanga na kuuliza kwa sauti iliyofika hadi kwa wachimba kaburi:

"Mama, humo ndani kuna ndizi?"

Nikamfinya. Akalia, na mimi nikapata sababu ya kulia. Najuta mpaka leo kumfinya mtoto ambaye peke yake pale alikuwa ameuliza swali la maana.

Mama Brigitha ndiye aliyeninyoa. Wembe ulimteleza, akanikata juu ya sikio.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Si kitu, mama. Ni kidogo tu."

"Nisamehe hivyo hivyo."

Nilirudi kazini na kitambaa kichwani. Wenzangu ofisini walikuwa wananisalimia kwa kunong'ona, na yeyote aliyetaka kupigiwa barua aliiacha mezani akaondoka, asije akaambukizwa msiba. Mama Brigitha alikuwa amehamia kwangu kunisaidia na mtoto.

Ijumaa ikafika. Kompyuta ya Herme ikalia. "Mafuta ya taa. Kandida atanuna."

Nikasema leo basi. Maiti amezikwa, na diari yake izikwe. Nikafanya kama alivyonifundisha mwenyewe, nikabonyeza pa kufutia. Kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza chake: nifute hii ya leo tu, au na zote zijazo?

Nilikaa hapo, kidole hewani. Ni swali gani hilo la kumwuliza mjane? Ukifuta zote zijazo, hakuna Ijumaa nyingine ambayo mtu huyu atakujali, hata kwa utani.

Nikafuta ya leo tu.

Halafu, kwa kuwa kaburini hawakunipa nafasi ya kusema neno, maana nani anaongea na mgomba, nikamwandikia palepale. Niliandika: "Herme, wameninyoa. Tekla anakula vizuri. Mama yuko nyumbani kwetu. Nimekubali kwamba umekwenda. Lala salama." Nilijua ni mashine. Hata sanamu ya Bikira Maria ni plasta, na tunaongea nayo.

Mchana mashine ikajibu. "Nimepata ujumbe wako. Niko safarini. Nikirudi nitakujibu vizuri."

Nililia kwa hasira. Lukelo alikuwa ameanza kufunga vifaa vyake kwa safari ya kurudi Dar wiki iliyofuata, akasikia, akaja.

"Nini tena, dada?"

"Mashine yako haina haya. Mtu namuaga, inaniambia iko safarini."

Akainama kutazama. Kisha akavuta kiti, akakaa. Kisha akasoma tena.

"Wewe ulishajibiwa haya siku zile za nyuma, sivyo?"

"Si ndiyo ile karatasi uliyoiona?"

"Kwa anwani hii hii?"

"Sina nyingine."

Lukelo alijikuna kidevu.

"Dada Kandida, programu ile humjibu mtu mara moja tu. Inayaweka majina ya wote iliyokwisha kuwajibu. Ukiandika tena, inanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na wewe ungekuwa safarini, umeacha ya kwako, mashine mbili zingejibizana mpaka kiama. Kwa hiyo zimefungwa hivyo. Ulikwisha kujibiwa. Hii ya leo mashine haikupaswa kuituma."

"Sasa nani ameituma?"

"Mtu. Mtu anayejua neno la siri la Herme. Amefungua kisanduku chake, amekusoma, halafu amekunakilia maneno yale yale ili udhani ni mashine."

Ningekuwa na nywele zingesimama.

"Neno la siri Herme hakumpa mtu," nikasema. "Hata mimi alininyima."

"Mimi najua mitambo, dada," akasema Lukelo. "Ya watu siyajui."

Sikumwambia mtu. Nilipofika nyumbani nilipika wali ukaungua, nikamlisha Tekla juu juu. Mama Brigitha akaniuliza kama naumwa, nikasema kichwa. Ndani ya kichwa hicho palikuwa na mambo mawili tu yakipigana. Ama mume wangu yu hai, ama aliye upande wa pili amejifunza kuandika. Na niseme ukweli, sikujali sana ni lipi. Nilimtaka.

Jumatatu, kabla ya simu ya asubuhi, nikaandika: "Kama si wewe, mwache mume wangu apumzike. Kama ni wewe, Herme, rudi nyumbani. Nakuita mimi mke wako."

Simu ya asubuhi ikaipeleka. Simu ya mchana haikuleta kitu. Sikulala. Siku iliyofuata asubuhi kompyuta ikapiga miluzi yake, na kwenye kioo pakawa na maneno machache, hayakuwa yale ya zamani.

"Nakuja. Usimwambie mama."

Sasa wasomaji wangu, ninyi ni watu wenye akili. Mtu akiambiwa usimwambie mama, anafanya nini? Ananyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kaburini pamoja na mume wangu. Furaha haikunipa nafasi ya kufikiri. Nilisema moyoni, mama huyu amemlilia mwanawe, ana haki ya kufurahi kabla yangu. Nikatoka ofisini mbio, matope mpaka magotini.

Nilimkuta uani anapeta mchele, Tekla yuko kando yake anachezea pumba.

"Mama! Mama, yu hai! Herme yu hai, ameandika mwenyewe, anakuja!"

Ungo haukuanguka. Aliuweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Najua yu hai," akasema. "Nani amemwambia aje?"

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Unajua?"

"Kaa chini, Kandida."

"Sikai! Unajua tangu lini?"

"Tangu kesho yake ya ule mtumbwi. Ninyi mnalia Kivukoni, yeye yuko jikoni kwangu Idete anatetemeka. Mto ulimtupa kwenye matete huko chini. Akapita mashambani asionekane na mtu mpaka kwangu."

"Na ukanyamaza! Ukakaa kwenye mkeka, ukalia na wanawake!"

"Nililia kweli. Nilikuwa nampoteza kweli." Akamtazama Tekla, akashusha sauti. "Mtoto huyu alikuwa wodini na degedege, unakumbuka? Daktari alikwisha kukwambia muombe Mungu."

"Nakumbuka."

"Mume wako alikwenda kwa mganga, hakukwambia. Huko akaambiwa kwamba mwaka huu nyumba yake itatoa mtu mmoja, na aliyelala wodini ndiye. Mto ulipomtema akaja kwangu akapiga magoti. Akasema, 'Mama, mimi wamekwisha kunililia. Nizikeni, mtoto abaki.' Nikakubali, nikampa nauli ya Dar. Na jioni ile ile Tekla akafumbua macho akaomba uji. Uji ule ulimkorogea wewe, Kandida, sikuukoroga mimi."

Ni kweli. Niliukoroga mimi, na niliwasha mshumaa kanisani kushukuru.

"Mama, sisi ni Wakatoliki!"

"Na mimi ni Mkatoliki. Ulitaka nifanye nini?"

"Umeninyoa kichwa ukijua nina mume!"

"Nimekunyoa. Na ningekunyoa tena." Hapo sauti yake ikapasuka. "Kaburi lile limefungwa kwa jina lake, likatulia. Akipita mlangoni humu, litakuwa la nani? Jibu wewe uliyemwita."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na katekisimu yote. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto aliponywa na sindano za kwinini na si mgomba, kwamba amemfanya mwanawe mzimu na mimi kichekesho. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa.

Tekla akainuka kutoka kwenye pumba zake, akaja kujibana kwenye miguu yangu.

"Mama, naona baridi."

Jua lilikuwa la kukausha mpunga. Nikamgusa paji la uso, nikaondoa mkono haraka.

Nisiwachoshe na mambo ya hospitali. Muuguzi alichukua damu, akarudi akasema malaria, tena kali, akamtundikia dripu. Akanituliza: msimu wa mvua, mama, watoto wote wa bonde hili wanaugua, ona vitanda vilivyojaa. Nikaona vitanda vilivyojaa. Kila kitanda kilikuwa na mama yake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwita marehemu.

Mama Brigitha alikuwa ameshika mguu wa mtoto, rozari mkono wa pili.

"Mwandikie asije," akasema bila kunitazama.

Siamini mambo ya waganga. Sikuamini siku ile, na leo siamini. Lakini nilimwacha mwanangu na dripu mkononi, nikarudi ofisini nakimbia, nikakaa kwenye kiti cha mume wangu nikaandika: "Usije." Nikaifuta. Mwanamke gani anaandika hivyo, baada ya kulala na karatasi chini ya mto? Nikafikiria shati la bluu. Nikafikiria lile paji la uso. Nikaandika tena: "Herme, ninakupenda. Usije."

Kompyuta ikapiga simu yake ya mchana. Ikakoroma, ikapiga miluzi, ikaipeleka. Na ikaleta nyingine, iliyokuwa imengoja huko tangu alfajiri.

"Nimepata nafasi kwenye basi la asubuhi hii kutoka Dar. Ukisoma haya niko njiani. Sitafungua tena kisanduku hiki, sina haja nacho. Nimechoka kuwa mfu."

Kwa hiyo neno langu lilikuwa limekwenda kukaa kwenye kisanduku kisicho na mwenyewe. Siku zile mtu akishapanda basi hakuna namna ya kumpata. Unamngoja ashuke, basi.

Lukelo alikuwa nje anapakia masanduku kwenye Land Rover ya mradi. Safari yake ya kurudi Dar ilikuwa saa hiyo.

"Lukelo, nipeleke Mkula." Basi la Dar lazima lipite Mkula kabla ya kuingia Ifakara.

"Ni njia yangu. Unakwenda kumpokea mtu?"

"Nakwenda kumrudisha."

Hakuuliza tena. Njiani tulizama kwenye matope, tukasukuma, tukafika Mkula jua limeinama. Lukelo akataka kungoja nami, nikamwambia aende. Nilisimama kando ya barabara karibu na wauza ndizi, kitambaa kimeanguka njiani sijui wapi, kichwa kiko wazi. Wauza ndizi walinitazama wakaacha kuniita mteja.

Nilisali. Sijui niliomba nini. Nadhani niliomba basi liharibike.

Likaja. Lilikuwa limejaa matope mpaka madirishani. Nikainua mkono, likasimama, kondakta akafungua mlango.

"Unapanda, mama? Twende, twende!"

Sikupanda, wala sikuondoka. Nilisimama kwenye ngazi, nikashika vyuma vya mlango huku na huku kwa mikono yote miwili, nikachungulia ndani. Alikuwa amekaa viti vya nyuma, amekonda, ndevu zimeota, amevaa shati nisilolijua. Aliponiona akasimama. Akaanza kuja huku akipita katikati ya mizigo ya watu, akitabasamu, mume wangu mwenyewe, na tabasamu lile nilikuwa nimelizika.

"Herme," nikasema, "usishuke."

Akasimama. Akatazama kichwa changu kilichonyolewa, akatazama mikono yangu iliyoziba mlango. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Kandida," akasema, "Tekla mzima?"